Mantiq al-Tayr ya Herat: muswada wa mwaka 1487 unavyotazamwa kwenye skrini

Kwa msomaji wa Kiswahili anayetaka kuujua ufundi wa vitabu vya mashairi vya Kiajemi, sioni mlango mpana zaidi wa kuingilia kuliko muswada wa Mantiq al-Tayr, yaani "Lugha ya Ndege", unaohifadhiwa na Makumbusho ya Metropolitan mjini New York kwa namba 63.210, ambao picha zake zimewekwa kwenye tovuti ya makumbusho hayo ili yeyote azitazame na kuzipakua bila malipo. Muswada huu ulinakiliwa Herat, mji ulio katika Afghanistan ya leo, mwaka 1487, ukaongezewa picha na nakshi Isfahan, katika Iran ya leo, zaidi ya karne moja baadaye, na kwa hiyo ndani ya jalada moja zimo kazi za mafundi wa zama mbili ambao hawakuwahi kuonana. Tathmini hii inaupima muswada wenyewe pamoja na namna unavyotufikia kupitia skrini, kwa kuwa wengi wetu hatutauona kwa njia nyingine. Nitangulize hukumu yangu: picha inayosifiwa kuliko zote, ile ya mkutano wa ndege, ni nzuri kweli, lakini nguvu ya kitabu hiki imo katika picha nne za Herat, ambazo watazamaji huzipita haraka kwa sababu hazina tausi wala kasuku.

Shairi lenyewe ni la Farid al-Din Attar wa Nishapur, aliyeishi katika karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Lina beti zipatazo 4,500 za mtindo wa mathnawi, ambamo mishororo miwili ya ubeti hukubaliana vina na kuuachia ubeti unaofuata uchague vina vyake, tofauti na utenzi wetu unaokokota kina kimoja cha mwisho kutoka ubeti wa kwanza hadi wa kufungia. Kisa chake kikuu ni cha ndege wote wa dunia wanaokusanyika ili kumtafuta mfalme wao, Simurgh, wakiongozwa na hudhud, ndege yule yule ambaye wasomaji wa Kurani wanamkumbuka katika Surat An-Naml akimletea Nabii Sulaiman habari za malkia wa Sabaa. Kila ndege ana udhuru wake: bulbuli hawezi kuliacha waridi, bata hawezi kuyaacha maji, mwewe ameshazoea kutua kwenye mkono wa sultani, na bundi anasema kazi yake ni kulinda hazina zilizofukiwa katika magofu. Wanaovuka mabonde yote saba na kufika ni thelathini tu, na wanapofika wanagundua kwamba waliyekuwa wakimtafuta ni wao wenyewe.

Katikati ya safari hiyo Attar ameingiza visa vifupi vingi vya masheikh, wafalme, ombaomba na wendawazimu, kila kimoja kikijibu udhuru au swali la ndege fulani. Ni muhimu kulijua jambo hili kabla ya kufungua picha, maana mtu anayetarajia kitabu kilichojaa mabawa atashangaa kukuta kwamba picha zilizomo ni nane, na nyingi kati yake zinahusu binadamu: mzishi wa baba yake, mkulima, mwenye ndevu nyingi, mwombaji aliyempenda asiyelingana naye kwa cheo.

Mwaka 1487 Herat ilikuwa chini ya Sultan Husayn Bayqara wa ukoo wa Timur, ambaye utawala wake uliendelea hadi alipofariki mwaka 1506. Katika baraza lake walikuwemo mshairi Jami, waziri na mshairi Mir Ali-Shir Navai, na mchoraji Bihzad, ambaye baadhi ya wataalamu humhusisha na picha za muswada huu ingawa hazina sahihi yake. Aliyeandika maneno ni Sultan Ali al-Mashhadi, bingwa wa mwandiko wa nastaliki katika kizazi chake. Nastaliki ni mwandiko unaoteremka: kila neno huanzia juu kidogo upande wa kulia na kushukia kushoto, na herufi za mwisho, hasa nuni na ye, huishia katika bakuli pana lililo wazi. Ukiikuza picha hadi mstari mmoja ujaze skrini, utaona jinsi kalamu ya tete ilivyobadilisha unene wake ndani ya herufi moja, kuanzia uzi mwembamba hadi mkanda mzito, bila mkono kutetereka. Asiyejua Kiajemi lakini anayesoma herufi za Kiarabu ataweza kuyatambua baadhi ya maneno, na hiyo ni raha ndogo ambayo msomaji wa pwani anayo na wageni wengi wa makumbusho hawana.

Kitabu hakikuishia Herat. Kufikia karibu mwaka 1600 kilikuwa mikononi mwa Shah Abbas wa Kwanza, mtawala wa Uajemi wa ukoo wa Kisafawi aliyeufanya Isfahan kuwa mji wake mkuu, na mafundi wake wakakipa pambo jipya: jalada, pambizo zilizonyunyiziwa dhahabu, ukurasa wa kufungulia ulionakshiwa na Zayn al-Abidin al-Tabrizi, na picha nne za kuungana na zile nne za kale. Mwaka 1609 Shah Abbas alikiweka wakfu kwenye kaburi la babu wa ukoo wake, Sheikh Safi, huko Ardabil, kaskazini-magharibi mwa Iran, pamoja na vitabu vingine na vyombo vingi vya kauri za Kichina. Sehemu kubwa ya maktaba ya Ardabil ilichukuliwa na jeshi la Urusi mwaka 1828 na kupelekwa St Petersburg. Muswada huu uliishia kwingine, na makumbusho ya New York yakaununua mwaka 1963.

Sasa kwenye picha zenyewe. Ile ya mkutano wa ndege, namba 63.210.11, imetiwa sahihi na Habiballah wa Sava, mmoja wa wachoraji wa Shah Abbas, na ukubwa wake ni takriban sentimita 25 kwa 11 tu. Hudhud amesimama juu ya mwamba upande wa kulia, mdomo wake umeelekezwa kwa wenzake, na mbele yake wamejipanga tausi, kasuku, jogoo, korongo na wengineo, kila mmoja na manyoya yaliyohesabika. Juu, nyuma ya miamba, kuna mwindaji mwenye bunduki ambaye hayumo kabisa katika shairi; Attar aliandika kabla ya bunduki kuifikia nchi yake, na mchoraji ameileta silaha ya zama zake ndani ya kisa cha zamani. Habiballah alijitahidi pia kuiga namna ya Herat ili picha yake isionekane ngeni kitabuni, na amefaulu kiasi cha kuwadanganya wengi. Ninachokiona kuwa upungufu ni kwamba ndege wake wametulia mno. Wamechorwa kama mtu anavyochora orodha ya ndege, mmoja mmoja, kwa uzuri wa kila mmoja, na ule mvutano wa hotuba, ambapo kila msikilizaji anatafuta kisingizio cha kutokwenda, haumo. Hudhud anahutubia kundi ambalo limeshakubali kila kitu.

Linganisha na namba 63.210.44, kisa cha mtu aliyetumbukia majini. Attar anasimulia kwamba mtu mmoja mwenye ndevu nyingi alikuwa akizama, mpita njia akamwona na kumpigia kelele autupe huo mfuko aliouvaa shingoni. Naye akajibu kwamba si mfuko, ni ndevu zake. Ni mzaha mkali juu ya wacha Mungu wanaojivunia ndevu kuliko ibada, na mchoraji wa Herat ameupokea kwa uso mkavu kabisa. Mzamaji yuko chini ya picha, kichwa na ndevu juu ya maji. Juu yake, nchi kavu, wapo watu wa kuni ambao shairi haliwataji popote: wawili wanalikata gogo kwa msumeno, mmoja akivuta na mwingine akisukuma, na kazi inaendelea. Kila nikiirudia picha hii macho yangu huenda kwanza kwenye ule msumeno. Mchoraji ameelewa kwamba kisa cha beti chache kinahitaji dunia ya kukizunguka, dunia ambayo mtu anaweza kuzama hatua chache kutoka kwa wenzake nao wasiache shughuli zao, na ameipata dunia hiyo kwa kuwachora vibarua wakiwa na mikono na migongo inayofanya kazi kweli. Uzito umeukalia mguu wa nyuma, mabega yamepinda kuufuata msumeno. Hakuna hata ndege mmoja wa Habiballah anayebeba uzito wa mwili wake namna hiyo.

Picha ya mazishi, namba 63.210.35, inakwenda mbali zaidi. Katika shairi kijana analia mbele ya jeneza la baba yake na kusema kwamba siku kama hii haijawahi kumfika maishani. Sufi mmoja anamjibu kwamba baba yake naye haijawahi kumfika siku kama hii, na ya baba ndiyo ngumu zaidi. Mchoraji amewaweka waombolezaji chini, nje ya lango la makaburi, kijana akiwa ameshika nguo zake kana kwamba atazirarua. Ng'ambo ya ukuta, ambako msiba bado haujafika, kaburi linaandaliwa, na watu wanaoliandaa wana utulivu wa mafundi waliolifanya jambo hilo mara nyingi. Mti mkubwa umesimama juu ya makaburi, na juu yake kuna ndege. Kwa hiyo picha moja inatuonyesha nyakati mbili, kilio cha sasa na shimo linalokisubiri, zikitenganishwa na ukuta mwembamba. Jibu la sufi limechorwa bila sufi kuhitaji kufungua mdomo. Ninaihesabu kuwa bora kuliko zote nane, na ningependa waandaaji wa vitabu vya picha waichapishe mara nyingi kama wanavyoichapisha ile ya ndege.

Picha ya Sheikh Mahneh na mwanakijiji, namba 63.210.49, ni ya tatu kwa mapenzi yangu. Sheikh aliyekuwa amefikwa na dhiki ya moyo anatoka kwenda mashambani, anamkuta mzee akiwa na ng'ombe wake wa kulimia, anamweleza hali yake, na mzee anamjibu kwa hesabu inayotisha: hata kama ulimwengu ungejazwa mtama hadi kwenye Arshi, na ndege akawa anadonoa punje moja kila baada ya miaka elfu, muda huo bado usingekuwa mrefu kwa mwenye kungoja mlangoni pa Mungu. Ni mazungumzo ya watu wawili tu, kisa kigumu kukichora, na mchoraji amekiegemeza kwenye ardhi na wanyama badala ya nyuso.

Kati ya picha za Isfahan, nje ya ile ya ndege, inayostahili kutazamwa kwa utulivu ni ya Sheikh Sanan chini ya dirisha la binti Mkristo, namba 63.210.18. Mzee wa Makka mwenye wanafunzi mia nne anampenda binti huyo katika nchi ya Rumi, anakunywa mvinyo na kuchunga nguruwe kwa ajili yake, kabla ya kurejea kwenye dini yake. Mchoraji amechagua dakika iliyo salama, kabla ya aibu kuanza. Nyingine zinapendeza macho na hazidai zaidi ya hapo, ingawa kisa cha mhuni aliyemwachilia maskini kwa sababu alishakula mkate wa nyumba yake kingeweza kuzaa picha kali zaidi kuliko hii iliyomo.

Kuhusu rangi na nakshi, hapa skrini inasaidia na inapotosha kwa wakati mmoja. Wachoraji wa Kiajemi walisaga mawe na madini: buluu iliyokolea ilitoka kwenye jiwe la lazuardi lililochimbwa Badakhshan, kaskazini-mashariki mwa Afghanistan, nyekundu ya moto ilitoka kwenye zebaki na madini ya kiberiti (salfa), na zote zikachanganywa na gundi na kupakwa kwa brashi za manyoya membamba juu ya karatasi iliyosuguliwa hadi ikawa laini. Kamera inaipokea buluu na nyekundu vizuri, na kwenye skrini nzuri anga la lazuardi linafanana na maelezo ya wale waliolisimamia ana kwa ana. Dhahabu ndiyo inayoshindikana. Dhahabu ya kitabu hubadilika kadiri jani linavyoinamishwa, mara inang'aa, mara inakuwa kahawia, na picha iliyopigwa mara moja chini ya taa zisizosogea huigandisha katika hali moja. Fedha nayo ina msiba wake wa kikemia: maji mengi katika picha za Kiajemi yalipakwa fedha halisi, ambayo kwa karne nyingi imeungana na hewa na kuwa ya kijivu hadi nyeusi, kwa hiyo mtazamaji asidhani kwamba wachoraji walipenda mito ya lami.

Nilipotaka nakala ya kutundika ukutani nilipeleka faili la mkutano wa ndege kwenye duka moja la kuchapisha picha mjini kwetu, na dhahabu yote ikatoka na rangi ya binzari. Anayepanga kufanya hivyo aombe kwanza kipande kidogo cha majaribio, na asikubali karatasi inayometameta, kwa sababu mng'ao wake huzagaa sawasawa hata mahali ambapo asili haina dhahabu.

Tukija kwenye huduma yenyewe, sifa ya kwanza ni uhuru. Tangu Februari 2017 Makumbusho ya Metropolitan yameachia picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zitumike na yeyote kwa lengo lolote, na kurasa za muswada huu zimo humo. Mwalimu anayeandaa somo la fasihi au la sanaa, mchapishaji wa jarida au mwanafunzi wa chuo hahitaji kuomba barua ya ruhusa wala kulipa. Ubora wa faili unatosha kuikuza sura iliyo ndogo kuliko ukucha hadi nyusi zake zionekane. Ikumbukwe pia kwamba kufunga safari si hakikisho la kuona zaidi: tiketi ya mtu mzima asiye mkazi wa jimbo la New York ni dola 30, na kwa kuwa mwanga hudhuru karatasi na rangi, kazi za aina hii huwekwa ukumbini kwa zamu na kurudishwa ghalani. Kwenye tovuti hazipumzishwi.

Sifa ya pili ni kwamba maelezo yaliyoambatanishwa ni mafupi na ya kuaminika; yanataja mnakili, mji, mwaka na vifaa, na yanatenganisha wazi picha za Herat na za Isfahan. Toleo la Mei 1967 la jarida la makumbusho, lililoshughulikia muswada huu, bado ni msaada kwa anayetaka kwenda ndani zaidi.

Mpangilio wenyewe ndio unaonipa shaka. Kila jani lenye picha limepewa ukurasa wake na namba yake, kana kwamba ni kazi inayojitegemea, na mtazamaji anaruka kutoka picha hadi picha badala ya kufunua kitabu. Kwa mchoro wa Ulaya wa kutundikwa ukutani jambo hilo halina madhara. Kwa kitabu cha mashairi lina madhara makubwa, kwa sababu picha ya Kiajemi ilipangiwa mahali pake ndani ya maneno: msomaji wa Herat alisoma beti za kisa, akafunua, akakutana na picha, na mara nyingi alikuta ubeti mmoja au beti mbili zimewekwa ndani ya fremu yenyewe. Aliyeona mzamaji na ndevu zake bila kusoma jibu lake ameona ajali, hakuona mzaha. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na beti zilizo kwenye majani yenye picha hazijafasiriwa neno kwa neno, kwa hiyo ni lazima mtu awe na tafsiri ya shairi pembeni, katika lugha yoyote anayoimudu, na atafute mwenyewe mahali kisa kilipo.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuona misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, yenye nakshi za nyekundu, nyeusi na manjano, atajikuta anazitazama pambizo kwa jicho la mtu anayejua kazi ya nakshi ni nini. Ajihadhari tu asilinganishe kwa wingi wa dhahabu. Siyu walinakshi maneno yanayosomwa kwa ibada na hawakuweka sura za viumbe. Herat walipamba hadithi kwa ajili ya baraza la sultani, na pesa za sultani zinaonekana.

Kwa anayeanza, simu inatosha kwa kuchungulia tu. Faili kubwa hula bando na picha ndefu nyembamba hazikai vizuri kwenye kioo kidogo, kwa hiyo ni heri kutumia kompyuta, kupakua faili mara moja na kulikuza bila intaneti. Aandike 63.210.44 kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha 63.210.35, kisha 63.210.49, akiwa ameshasoma kisa cha kila moja. Ile ya ndege, namba 11, aiweke mwisho, na atakapoifungua amtafute mwindaji kabla ya kumtafuta hudhud.